Kuchagua Hisa: Ungo Haumalizi Kazi

Vikundi kadhaa vimetuuliza juu ya zile programu za simu na kompyuta zinazochekecha hisa. Unaweka sharti lako, tuseme "bei isizidi mara nane ya faida", nayo inakutolea majina machache kutoka orodha nzima ya Soko la Hisa la Nairobi. Je, kikundi kinunue kwa kufuata majina hayo? Sisi tunasema, ngojeni kwanza.

Chombo hiki ni ungo. Ukipepeta maharagwe makapi yanaruka, lakini vijiwe vinabaki kwa sababu vina uzito. Lazima ukae chini uchambue kwa mkono.

Tuangalie hesabu yenyewe. Hisa inauzwa Sh20 na kampuni ilipata faida ya Sh4 kwa kila hisa. Gawanya 20 kwa 4, jibu ni 5. Yaani unalipa faida ya miaka mitano. Hisa nyingine ni Sh60, faida yake pia Sh4. Jibu ni 15. Ungo utabakiza ile ya kwanza. Lakini faida hiyo ilitoka wapi? Kama kampuni iliuza shamba mwaka huo, mwaka ujao itauza nini?

Mgao nao una mtego wake. Hisa ya Sh20 iliyotoa mgao wa Sh2 huonyesha asilimia 10. Bei ikianguka hadi Sh10, programu itaonyesha asilimia 20 na wanachama watashangilia. Kumbe Sh2 ni za mwaka jana, na bei imeanguka kwa sababu wenye hisa wanakimbia!

Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia sokoni mwaka 2001, hisa ikiuzwa Sh6.25. Baadaye madeni yaliilemea, bei ikashuka chini ya shilingi moja, na mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikateua meneja wa kuisimamia. Biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Mtu aliyetafuta bei rahisi peke yake angeikuta juu kabisa ya orodha. Mkulima aliyekuwa akingojea malipo ya miwa yake alijua zaidi ya ungo huo.

Kwa hiyo majina yakibaki matano, chukueni hesabu za kila kampuni za miaka mitano. Kampuni zilizo sokoni hutangaza matokeo yake kwa umma. Tazameni kwanza deni: linakua kuliko mauzo? Halafu, faida inaonekana kwa pesa taslimu au ni ya kwenye karatasi tu? Mwalimu aliye kikundini anaweza kuwasomea.

Ulizeni pia kama hisa hiyo hununuliwa kila siku. Zipo ambazo hupita siku nyingi bila mnunuzi, na matanga hayangoji. Hata hisa inayotembea haraka huweza kukaa chini muda mrefu. Walionunua Safaricom kwa Sh5 mwaka 2008 walikaa miaka kadhaa bei ikiwa chini ya hapo, na waliokuwa wamekopa kununua waliendelea kulipa riba. Pesa za karo ya Januari zisiguse soko hili.

Dalali mtakayemtumia awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwombeni aionyeshe mbele ya mweka hazina kabla hamjatoa hata senti.