SIKU ZA JOTO KWA MBWA JIKE: HATARI HUZIDI DAMU INAPOKAUKA

Mbwa ni mlinzi wa boma, wa zizi na wa ghala la chama. Hata hivyo, uzazi wake haufuatiliwi kama ule wa ng'ombe. Matokeo yake huonekana vijijini: madume hukusanyika penye jike mmoja na kuumana, wapita njia hung'atwa, na baadaye watoto wasio na mwenyewe hutupwa kando ya barabara. Mengi ya hayo yangeweza kuepukwa kama wenye mbwa wangefahamu hesabu ya siku za joto.

Ng'ombe hurudia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi siku nzima. Mbwa ni tofauti. Jike wengi huingia joto mara ya kwanza wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 12. Wale wenye maumbo makubwa huweza kuchelewa zaidi. Baada ya hapo hurudia kila miezi 6 au 7 hivi, na kila mara joto hudumu kama majuma matatu.

Hatua za mzunguko

Hatua ya kwanza huchukua siku 9 kwa wastani. Sehemu ya uzazi huvimba na kutoa damu. Harufu yake huwavuta madume kutoka mbali, lakini jike huwakataa. Huketi chini, hunguruma au hukimbia.

Hatua ya pili nayo huchukua siku 9 hivi, ingawa kwa baadhi hufika majuma matatu. Damu hupungua, rangi yake hufifia, na mara nyingi hukauka. Sasa jike husimama tuli na kuupeleka mkia upande. Hizi ndizo siku za kushika mimba.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwenye mbwa huona damu imekauka, hudhani joto limekwisha, humfungulia; kumbe amemwachia siku ile ile aliyo tayari kupandwa. Isitoshe, mbegu za dume huweza kuishi ndani ya jike siku kadhaa zikingoja yai. Kwa hiyo kupandwa mara moja kwaweza kutosha, na watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Hatua ya tatu huchukua miezi 2 hivi. Aliyeshika mimba huzaa baada ya siku 63 hivi. Asiyeshika naye huweza kuvimba matiti na hata kutoa maziwa kama mwenye mimba. Katika majuma yanayofuata joto, jike akinywa maji kupita kiasi, akikataa chakula, akivimba tumbo au akitoa usaha, kizazi chake huenda kimeoza ndani. Apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia. Hatua ya nne ni ya mapumziko, hadi joto lijalo.

Yampasayo mwenye mbwa

Siku ya kwanza ya damu iandikwe katika daftari. Tangu siku hiyo, jike afungiwe ndani ya banda lenye mlango imara kwa majuma manne. Kamba peke yake haifai, kwani humzuia jike kutoka lakini haimzuii dume kuingia. Mbwa walionasana wasipigwe wala kumwagiwa maji. Huumia, na mimba haizuiliki kwa njia hiyo. Kwa asiyetaka watoto kabisa, dawa ya kudumu ni upasuaji wa kufunga uzazi unaofanywa na daktari wa mifugo.

Faida kwa chama na kijiji

Ili kichaa cha mbwa kisienee, inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Tuseme kijiji kina mbwa 100, na 70 wamechanjwa. Wakizaliwa watoto 30, mbwa watakuwa 130, na waliochanjwa watabaki kama 54 katika kila 100. Hivyo kazi ya siku ya chanjo huharibiwa na uzazi usio na mpango. Kila mbwa apelekwe kwenye chanjo, pamoja na watoto, kwa kufuata maelekezo ya Bwana Mifugo.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona.

Vyama vya msingi vyenye mbwa wa ghala vingefanya vyema kuwa mfano kwa wanachama: daftari la ghala liwe na ukurasa wa mbwa, wenye tarehe ya chanjo na tarehe ya damu ya kwanza. Gharama yake ni kalamu tu, na faida yake ni uhai wa watu.