Takwimu za Kazini: Ziwe Taa ya Uongozi, Zisiwe Fimbo

Kila chama cha ushirika huandika. Karani wa mizani huandika kilo, mtunza ghala huandika magunia yaingiayo na yatokayo, mweka hazina huandika fedha, na daftari la mahudhurio huonyesha saa za kufika kazini. Kwa muda mrefu maandishi hayo yalitazamwa zaidi wakati wa ukaguzi wa hesabu. Siku hizi, kwa kuwa kompyuta na simu zimeingia katika shughuli zetu, maandishi hayo hayo yanaweza kukusanywa na kuchambuliwa ili kuonyesha jinsi watumishi wanavyotenda kazi. Makala hii yakusudia kueleza maana ya uchambuzi huo, faida yake na hatari zake, kwani katibu asiyeufahamu aweza kumwumiza mtumishi asiye na hatia, au kumwacha mwanachama apoteze mali yake.

Maana yake

Kuchambua takwimu ni kuuliza swali, kukusanya hesabu zinazohusika na swali hilo, kuzilinganisha, kisha kutafuta sababu ya tofauti zinazoonekana. Jambo hili si geni. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Taylor alichapisha kitabu juu ya uongozi wa kazi kwa njia ya kisayansi, naye alisisitiza kupima kazi ya mtu kwa saa. Kilichobadilika ni wepesi: kompyuta humaliza kwa dakika hesabu ambayo karani angeifanya kwa wiki. Lakini kuchagua swali lililo jema kungali ni wajibu wa uongozi.

Kupima kinachostahili kupimwa

Tuchukue mfano. Chama kina vituo viwili vya kununulia mazao, kila kimoja kina karani mmoja, na wote wawili hufanya kazi saa 8. Karani wa kwanza amepima kilo 4,000 kwa siku. Wa pili kilo 2,400. Mwenye haraka atasema kwamba wa pili ni mvivu. Lakini tukifungua vitabu vya stakabadhi twaona kwamba wa kwanza ameandika stakabadhi 40, na wa pili 80. Basi wa kwanza amehudumia wakulima 5 kwa saa, na wa pili 10. Karani huyu wa pili anahudumia wakulima wadogo, wastani wa kilo 30 kwa kila mmoja, na kila mmoja hana budi apimiwe, aandikiwe na apewe nakala yake. Kilo zimeeleza ukubwa wa mashamba. Hazikueleza bidii ya karani. Hastahili onyo, bali pengine anastahili msaidizi.

Ndivyo ilivyo ghalani pia. Korosho zikikaa hukauka na kupungua uzito, na huo ndio unyaufu. Mtunza ghala ambaye mzigo wake umekaa miezi mitatu aweza kuonyesha upungufu mkubwa kuliko mwenzake ambaye mzigo wake uliondoka baada ya wiki mbili. Tukilinganisha upungufu bila kulinganisha muda, na bila kujua unyevu wa mazao yalipopokelewa, tutamwita mwizi mtu mwaminifu. Tukisamehe upungufu wote kwa jina la unyaufu, mwizi wa kweli atajificha humo. Takwimu kamili humlinda mtumishi, na humlinda mwanachama vile vile.

Malengo yakizidi kiasi

Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwapima wafanyakazi wake kwa idadi ya akaunti na huduma walizowauzia wateja, na kuwasukuma wafikie malengo makubwa. Ili kuyafikia, wengi walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwezi Septemba 2016 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 185, ikafahamika kwamba imewafukuza watumishi wapatao 5,300. Mwaka 2017 akaunti zilizotiliwa shaka zilikadiriwa kufikia milioni 3.5. Hesabu zilizopelekwa makao makuu zilipendeza, ilhali mambo yenyewe yalikuwa yameoza. Chama cha akiba na mikopo kinachompima afisa wake kwa wingi wa mikopo, bila kutazama marejesho, kinakwenda njia hiyo hiyo.

Mashine hurithi makosa ya watu

Kampuni ya Amazon ilijaribu kutengeneza programu ya kuchagua waombaji wa kazi. Programu ilifundishwa kwa maombi ya miaka 10 iliyotangulia, ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Matokeo yake ikawashusha wanawake, na jaribio likaachwa. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2018. Chama ambacho hakijapata kuajiri katibu mwanamke kisishangae mashine ikikishauri kiendelee vivyo hivyo.

Sheria yasemaje

Katika Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali lililoelezwa, ziwe sahihi, zisizidi haja, na zihifadhiwe kwa usalama. Mhusika ana haki ya kuziona na kutaka zisahihishwe. Aidha, aweza kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake.

Mambo ya kufuata

1. Bodi iamue kwanza swali, ndipo takwimu zikusanywe.

2. Watumishi waelezwe kinachopimwa na sababu yake, kabla ya kupimwa.

3. Kipimo kimoja kisitumike peke yake. Kilo ziende pamoja na stakabadhi, na mikopo pamoja na marejesho.

4. Hesabu za siku mbili au tatu zisitolewe hukumu. Zitazamwe za msimu mzima.

5. Tofauti ikionekana, mtumishi aitwe na asikilizwe kabla ya hatua yoyote. Maelezo yake yaandikwe katika jalada.

6. Majalada na kompyuta zenye taarifa za watumishi zifungwe, na ijulikane ni nani mwenye ruhusa ya kuzifungua.

Katibu asiye na kompyuta asidhani kwamba maneno haya hayamhusu. Daftari la mizani, kitabu cha stakabadhi na kalamu vyatosha kuanzia. Achukue hesabu za msimu uliopita, azipange kituo kwa kituo, kilo kando ya stakabadhi, na azifikishe mbele ya Bodi pamoja na maelezo ya makarani wenyewe.