Mgeni Anayechuna Magome

Sisi wakulima wa miraa hapa Kangeta tunalijua gome. Gome laini la kichipukizi ndilo linalotafunwa, ndilo linalotulipia karo. Gome la shina haliguswi, hasa la mbaine, ile miti mikongwe inayolindwa na baraza la wazee la Njuri Ncheke. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia utando mbichi ulio chini ya gome. Uchune kuzunguka shina zima, basi mizizi itakufa njaa na mti utakauka.

Kazi hiyo kuchakuro wa kijivu wa Marekani huifanya kwa meno. Mwaka 1876, Thomas Brocklehurst aliwaachilia wachache huko Henbury, Cheshire, Uingereza, wawe pambo la bustani. Mwaka 1948 wengine waliachiliwa Stupinigi, karibu na Turin, Italia. Wakazaana. Majira ya joto huchuna miti michanga, hasa yenye umri wa miaka 10 hadi 40, wakiutafuta utando ule mtamu. Mti usipokufa, kuvu huingia penye jeraha, mbao zikaoza, na upepo ukavunja kilele. Tena hubeba virusi vya ndui ya kuchakuro ambavyo wao haviwadhuru, lakini huwaua kuchakuro wekundu, wenyeji wa Uingereza.

Kuchakuro wetu anayekula makademia zangu ni mwenyeji. Ananitia hasara, ndiyo, lakini simwekei sumu. Mwewe na nyoka wanamjua tangu zamani. Ninayemwogopa ni mgeni aliyewaacha adui zake kwao.

Na Kenya tumeshaonja uchungu wa mgeni kama huyo. Mwaka 1990 vidukari wa misaipresi walionekana nchini. Wadudu wadogo mno, lakini walifyonza utomvu hadi nyua za boma na misitu ya kupandwa ikageuka rangi ya kutu. Hao hawakuletwa kwa kupenda kama kuchakuro wa Henbury, ila madhara hayakuuliza nia. Ikabidi watafiti wamlete nyigu mdogo kutoka Ulaya, anayetaga mayai ndani ya kidukari, ili awapunguze.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji: ukitoka safari, usifiche mche, tawi wala kijinyama mkobani, hata kiwe kizuri namna gani. Mche wapelekee wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS hapo hapo mpakani au uwanja wa ndege, waukague kabla haujafika shambani.