Siri ya mgonjwa ni ya nani?

Juma hili nazungumzia wauguzi wetu, na hasa swali moja linalowakabili zamu baada ya zamu: siri ya mgonjwa ni ya nani?

Kanuni za Maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kupitiwa upya mwaka 2021, zinamtaka muuguzi atunze siri za mgonjwa na aheshimu uamuzi wake. Mgonjwa huyo ni mtu mmoja, na mwili ni wake.

Lakini kwetu ugonjwa ni wa ukoo. Mzee akilazwa, iwe Mombasa au Dar es Salaam, mwanawe mkubwa ndiye anayeulizwa, shemeji analipa, binti analeta uji. Majibu yakionyesha saratani, humvuta muuguzi pembeni: "Sista, tafadhali, mzee asiambiwe, atakata tamaa." Kutoa majibu ni kazi ya daktari, lakini anayeulizwa usiku na mgonjwa ni muuguzi. Naye amelelewa hivyo hivyo, kwamba mdogo hampi mkubwa habari nzito.

Siwalaumu ndugu hao. Malezi hayo hayo ndiyo yanayomfanya muuguzi amwamkie mzee kabla ya kumdunga sindano, na amsitiri anapomwogesha. Huo nao ni uuguzi.

Hata hivyo, asiyeujua ugonjwa wake hawezi kuchagua tiba, kuusia mali yake wala kuagana na wanawe. Tena siri ikishafika kwa ukoo hairudi. Ndiyo maana Kenya mwaka 2006, na Tanzania mwaka 2008, zilitunga sheria za Ukimwi zinazolinda siri ya majibu ya vipimo. Watu walikuwa wakifukuzwa makwao na makazini.

Nionavyo mimi, njia ipo. Mgonjwa aulizwe mapema, kabla ya vipimo: "Mzee, majibu yakitoka tukuambie wewe, au tumwambie nani?" Akijibu, "Mwambieni mwanangu," huo ni uamuzi wake, na mila haikuvunjwa. Akisema, "Niambieni mimi," ndugu watajibiwa kwa upole kwamba mwenyewe ameshasema.

Nawe msikilizaji, ukimpeleka mzazi hospitali, muulize swali hilo mkiwa bado nyumbani. Utamwondolea muuguzi mzigo mkubwa.