Kuzihamisha Kanda za Arusi Katika DVD

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, juu ya kabati au ndani ya sanduku la nguo za Idi, zingalimo kanda za video za VHS zilizorekodiwa miaka ya 1980 na 1990, nazo zimehifadhi arusi, maulidi na nyuso za wazee ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Lakini kwa kuwa kanda si kitu ila utepe wa plastiki uliopakwa vumbi la sumaku, unyevu wa pwani huziotesha kuvu, na deki za kuzichezea hazipatikani tena mpya dukani, maana kampuni ya Funai ya Japani, mojawapo ya za mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo mtu aliye na deki ingali nzima, naye akajaliwa kupata mashine ya kurekodi DVD, hana udhuru wa kufanya ajizi.

Watu huyaogopa matundu yaliyojipanga nyuma ya vyombo hivi, ilhali shughuli yote yategemea kujua picha na sauti zatoka wapi na zaelekea wapi: tundu lililoandikwa OUT hutoa, na lililoandikwa IN hupokea, wala OUT haiungwi na OUT mwenziwe. Chukua waya wenye vichwa vitatu, cha manjano kwa picha, cheupe kwa sauti ya kushoto na chekundu kwa sauti ya kulia, uuchomeke kwenye OUT ya deki na IN ya mashine ya DVD. Kisha waya wa pili, mfano wa ule wa kwanza, utoke OUT ya mashine ya DVD uingie IN ya televisheni. Wengi huiunga deki na televisheni moja kwa moja, na wakimwona bibi arusi kiooni hudhani mashine nayo inamwona. Hasha, mashine hairekodi ila kile kipitacho ndani yake. Deki kongwe aghalabu ina tundu moja tu la sauti, na hapo sharti utafutwe waya wa kuigawa sauti hiyo kwa mbili, ama sivyo spika moja itanyamaza. Na hata baada ya hayo yote kioo chaweza kubaki cheusi, fundi wa mtaani akaitwa bure, kumbe hakuna aliyeibonyeza rimoti ya mashine ya DVD kuchagua mlango ulioingizwa waya, kama ni L1 au L2.

Mintarafu kanda zilizotoka ughaibuni, pana tatizo ambalo waya haulitibu. Kenya, Tanzania na Omani zilifuata mtindo wa PAL, wenye mistari 625 katika kila picha, na Marekani na Kanada zikafuata NTSC, wenye mistari 525. Basi kanda iliyoletwa na jamaa wa Toronto huenda ikaonekana vizuri katika televisheni, kwa kuwa deki nyingi zilizouzwa kwetu huisamehe tofauti hiyo, lakini mashine ya kurekodi ikaikataa au ikatoa picha isiyo na rangi. Kanda za sinema za dukani nazo, nyingi zimetiwa kinga dhidi ya kunakiliwa, hizo ziachwe.

Mashine hiyo hiyo yaweza kupokea hata kaseti za taarabu, na kwa kuwa hizo ni za sauti tupu, vichwa vyeupe na vyekundu vyatosha. Ila atumiaye amplifaya achukue sauti kwenye tundu la REC OUT, kamwe asiichukue penye nyaya za spika, kwani nguvu ya huko yaweza kuiunguza mashine.

DVD ya kawaida, yenye gigabaiti 4.7, hupokea saa mbili kwa kiwango cha SP na saa sita kwa EP, nami naona ni heri arusi ya saa tatu igawiwe diski mbili kuliko kubanwa katika moja hata nyuso zisitambulikane. Ikiisha kurekodiwa, sharti diski ifungwe kwa amri ya FINALIZE iliyomo katika menyu, kwani isipofungwa haitasomeka katika deki nyingi za DVD za watu wengine. Na maadamu kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na umeme ukikatika katikati yake diski huweza kuharibika, afadhali ifanywe saa ambazo mtaa wenu haukuzoea kukatiwa.