Kizuri Chajiuza, Lakini kwa Jina la Nani?

Msafiri atokaye Karatina kuelekea Nanyuki hupita kando ya mji mdogo wa Kiganjo. Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kenya mji huo unajulikana kwa nini, naye atakujibu pasi na kusita: polisi. Hapo ndipo kilipo chuo kilichowafunza maelfu ya askari wetu, na ndipo Kipchoge Keino alipokuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika miaka ya 1960. Wachache watakumbuka stesheni ya reli au kiwanda cha maziwa. Ni wachache zaidi watakaotaja kile kinacholimwa katika miteremko ya Mathira, Tetu na Othaya, ambacho kimelifikisha jina la Nyeri Ulaya, Marekani na Japani. Kitu hicho ni kahawa.

Ndugu msomaji, nakuomba tusafiri kidogo kwa fikira. Kusini mwa Ufaransa, pale milima ya Pyrenees inapoteremka hadi Bahari ya Mediterania, kilomita chache kutoka mpaka wa Uhispania, pana mji mdogo uitwao Banyuls-sur-Mer. Ardhi yake ni mwamba mkavu wenye miteremko mikali. Wenyeji wameikata milima hiyo matuta, wakayashikilia kwa kuta za mawe yasiyotiwa saruji, na humo wakapanda mizabibu. Kazi nyingi hufanywa kwa mikono, kwa kuwa trekta haiwezi kupanda huko. Matunda ya jasho hilo ni mvinyo mtamu unaoitwa Banyuls, kwa jina la mji wenyewe.

Kinachonivutia mimi si mvinyo, bali ni hilo jina. Tangu mwaka wa 1936, sheria ya Ufaransa imelilinda. Mvinyo huo hauna budi kutokana na zabibu za Banyuls-sur-Mer na majirani zake watatu: Cerbère, Port-Vendres na Collioure. Tajiri wa mji mwingine, hata awe na mashine na fedha za kumwaga, hana ruhusa ya kulibandika jina hilo kwenye chupa yake. Jina la mahali limekuwa mali ya wakulima wa mahali hapo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi nasi tuna mlima, tena uliokuwa volkano, ukatuachia udongo mwekundu wenye rutuba. Tuna matuta, ambayo wazee wetu walilazimishwa kuyachimba enzi za ukoloni. Tuna aina za mibuni zilizoteuliwa nchini humu katika miaka ya 1930, yaani SL28 na SL34, zinazosifiwa na waonjaji kote duniani. Zao lenyewe wakulima wetu walilipata kwa taabu. Mwafrika wa eneo la Kati alizuiwa kulipanda kwa miaka mingi, na ni katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ndipo wakulima wadogo wengi walipopata ruhusa.

Lakini tunaiitaje kahawa hiyo? Twaiita AA, AB, PB au C. Almuradi, herufi hizo zaeleza ukubwa na umbo la punje. Hazisemi imetoka mlima gani, wala ni ya chama gani cha ushirika. Jina la Nyeri huonekana mara nyingi huko ng'ambo, kwenye pakiti ya mwokaji wa kigeni, baada ya punje kukaangwa na bei kupanda. Aliyeipalilia mibuni hiyo hunywa chai.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naam, lakini hawakutuambia faida humwendea nani. Majirani zetu Waethiopia waliliona hilo. Walipotaka kuyasajili majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe huko Marekani, walikumbana na upinzani. Hawakurudi nyuma, na mwaka wa 2007 walifikia makubaliano na kampuni kubwa ya Starbucks.

Yamkini msomaji atasema kwamba jina halimlishi mtoto. Ni kweli. Jina pekee haliponyi ushirika ulioliwa na madeni, wala halizuii mibuni kung'olewa ili kupisha nyumba za kupangisha. Kenya iliyozalisha zaidi ya tani 120,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88 haijaufikia tena upeo huo. Hata hivyo, mkulima mwenye jina lililosajiliwa huketi mezani na mnunuzi akiwa na kitu mkononi. Asiye nalo hungoja kutajiwa bei. Sheria yetu ya alama za biashara inaruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja. Kilichobaki ni nia.

Walimu wana nafasi yao hapa. Waulizeni wanafunzi: ni nini kinachotoka katika lokesheni yetu, na kinauzwa kwa jina la nani? Maziwa yanayoingia kiwandani Kiganjo hutoka yakiwa na jina la kampuni. Kahawa huteremka na herufi mbili. Mtoto anayejifunza swali hilo mapema hatakubali, akiwa mkulima au mwanasheria, jina la kwao liwatajirishe wengine. Mali bila daftari huisha bila habari, na jina nalo ni mali.