Fahamu: Babu amepanda pikipiki gani kwenye picha ya zamani?

Jina ubavuni mwa tangi likiwa limefutika, anza na tangi lenyewe. Likiwa bapa na refu, limebanwa kati ya vyuma viwili vya fremu, basi pikipiki hiyo pengine iliundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1920, ambapo tangi la kukalia juu ya fremu lilianza kuenea.

Kisha shuka kwenye foki ya mbele, kwani hapo ndipo viwanda vilipotofautiana. Ukiona bamba za springi zimepangwa juu ya gurudumu, mfano wa zile za lori, shuku Indian ya Marekani. Kampuni hiyo ndiyo iliyoshika nafasi tatu za kwanza katika mbio za pikipiki za Senior TT za mwaka 1911, kisiwani Isle of Man. Pikipiki zake zilitumia cheni, wakati Waingereza wengi walikuwa bado na mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma. Kwa hiyo chungulia na huko nyuma.

Usiamini haraka kwamba ni ya mbio kwa sababu tu haina taa wala madigadi. Vijana walivua vitu hivyo wenyewe. Kukosa breki ndiko kunakosema zaidi: pikipiki za kushindana kwenye viwanja vya mbao huko Marekani ziliundwa bila breki kabisa.

Namba ya usajili ikisomeka, umepona. Uingereza ilianza kuzitoa mwaka 1904, na herufi zake hutaja eneo: MN, kwa mfano, ni Isle of Man.